Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Moja

Wodi ya Wanawake, Kafr Nasim
Jumamosi, 21 Februari

Kwa Daktari Yumna Dusuqi, Mwalimu Msaidizi,

Sista Afaf amenipa dodoso lako pamoja na glasi ya chai. Chai nimeirudisha. Wewe unafunga, mimi nafunga, na katika hospitali nzima Sista peke yake ndiye husahau kwamba mwaka huu Ramadhani na Kwaresima yetu zimegongana.

Dodoso nalo nalirudisha, tupu. Barua uliyoiambatanisha nalo inaniita "Mdau mpendwa". Nimefundisha kitivo hiki miaka thelathini na sita. Wanafunzi wameniita Rifaat Kisu, wameniita Rifaat Sifuri, na mwaka wa mapinduzi waliniandikia ukutani jina ambalo mama yangu, alhamdulillahi, hakuwahi kulisoma. Mdau ndiyo mara ya kwanza. Barua hiyo hukuiandika wewe. Nilikusomesha. Wewe hukosea vitenzi ukikasirika, na hukasirika kila mara.

Maswali ishirini, kila moja na visanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Umenisahaulia cha sita, cha kuchana karatasi. Najua kinachotafutwa. Tarehe 26 Aprili utapeleka ripoti yako kwenye baraza la kitivo, na ripoti itasema walimu wameridhia. Basi mtihani wa mwisho utatoka wodini. Mwanafunzi hatakaa tena kitandani kwa mgonjwa saa nzima, amhoji, ampapase tumbo, aandike karatasi yake, kisha aje kwangu atetemeke. Atakaa mbele ya skrini na kuzungumza na mgonjwa asiyekuwepo, aliyetungwa na mashine.

Mashine yenu ikikosa jibu hubuni, tena kwa adabu nyingi. Mwanafunzi akibuni tunamfelisha. Mashine ikibuni tunaipa ofisi yenye kiyoyozi.

Ukitaka maoni yangu, niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono. Barua pepe sifungui.

Rifaat Sidhom
Profesa mstaafu, anayekuja Jumamosi

*

Jumanne, 24 Februari

Ustadhi wangu Dokta Rifaat,

Naandika kwa mkono, na vitenzi ni vyangu.

Ni kweli, barua ile iliandikwa na mashine. Nilikuwa na barua arobaini na tano za kuandika, zamu mbili za wodini, na sura ya tatu ya tasnifu ambayo wewe umekaa nayo tangu Novemba. Najuta kwa neno mdau. Kwa mengine sijuti.

Unazungumzia mtihani wa kitandani kana kwamba ni sala. Mimi niliufanya miaka sita iliyopita, kitanda cha kumi na moja, kwa Mama Saad. Wewe unamjua vizuri zaidi: miaka ishirini na mbili, kila Juni, Sista humpigia simu atoke kijijini kwake na bandama lake lililovimba kwa kichocho, alale pale watoto wa watu wamsome. Nilipofika alikuwa ameshapapaswa na wanafunzi kumi na wanane tangu asubuhi. Pazia lilikuwa halifungi. Niliomba samahani kwa mikono yangu ya baridi. Akaniambia, "Fanya haraka, dokta mdogo, bandama liko kushoto, vidole vinne chini ya mbavu, na usisahau kuniuliza kama nimewahi kutapika damu, wenzako watatu wamesahau." Kisha akanitajia ugonjwa wake kwa Kiingereza, mwanamke asiyejua kusoma namba ya basi.

Nilipata ishirini na tisa kwa thelathini. Sikuhitaji kumgusa. Majibu yake yalikuwemo pia katika kijitabu cha fotokopi, dukani kwa Hamdi nje ya lango. Nilikinunua. Sote tulikinunua.

Huo ndio mtihani unaoulilia. Mgonjwa wangu wa skrini hachoki, hafunuliwi nguo mbele ya wanaume sita, wala hamnong'onezi mtu jibu. Nimemfunza kwa karatasi za mitihani ya Mama Saad zilizokuwa ghalani, kwa hiyo anasema kama yeye. Hajabuniwa. Ametoka kwenye miandiko ya wanafunzi wetu, na sahihi chini ya kila karatasi ni yako.

Walimu thelathini na wanane wameshajibu. Mmoja kasema mashine ni mwizi aliyevaa koti jeupe. Wa maabara kasema amekuwa akiitumia kutunga maswali yake ya mtihani tangu mwaka juzi, na hakuna aliyejua. Mmoja kauliza tu kama inaweza kumsahihishia karatasi mwezi wa Ramadhani. Ishirini na tisa wameridhia. Unaona kwamba sina haja na sauti yako. Nimekuuliza kwa heshima.

Njoo Jumamosi ya tarehe 7, chumba cha kompyuta. Keti na Mama Saad wa skrini saa nzima. Kisha uchane unachotaka.

Yumna Dusuqi

*

Jumamosi, 7 Machi

Daktari Yumna,

Nimeketi naye. Dakika arobaini, kisha yule fundi wako akaniuliza kama nahitaji msaada, nikamwambia ndiyo, nahitaji mgonjwa.

Nakiri kwanza lililo la haki. Inazungumza vizuri. Hata sauti umeipa mkwaruzo wa mwanamke aliyepiga kelele shambani maisha yake yote. Nilipouliza maumivu yalianza lini, ilijibu lini. Nilipouliza yako wapi, ilijibu wapi. Hapo ndipo niliposhtuka. Mama Saad hajawahi kunijibu swali nililomuuliza. Ukimuuliza maumivu yalianza lini, anaanza na jirani yake aliyeiba maji ya mfereji, anapita kwenye ndoa ya binti wa dada yake, na maumivu unayakuta mahali fulani kati ya bata wawili waliokufa na kesi ya ardhi. Kuyatafuta humo ndiko kunaitwa udaktari. Wewe umeyatoa, ukayaosha, ukayapanga sahanini.

Kuhusu pazia na wanaume sita, una haki. Pazia lile nimeliandikia barua nne kwa uongozi. Pazia likipasuka hushonwa, binti yangu. Hatumchomi mgonjwa moto.

Sasa nakuuliza jambo moja, na nataka jibu la daktari. Karatasi za Mama Saad ghalani ni ngapi, na umeipa mashine ngapi? Nauliza kwa sababu nimesahihisha ghala lile. Nusu yake ni takataka. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angeilisha mashine ghala zima.

Na kwa kuwa umetaja sura ya tatu: iko mezani kwangu, nimeisoma mara mbili. Sijatia sahihi. Mtu anayetaka kuwa mwalimu wa tiba ni lazima kwanza anishawishi kwamba anapenda kukaa na wagonjwa.

Rifaat Sidhom

*

Jumanne, 10 Machi

Dokta Rifaat,

Karatasi mia mbili na kumi na mbili zimeingia. Nimeziacha chache zisizofaa, kama mtu yeyote wa utafiti angefanya. Tunaita kusafisha.

Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Nimeisoma kabla ya futari na baada yake, nikitumaini njaa ndiyo inayonifanya niione ni kitisho. Si njaa. Nina nakala ya barua yako. Ukiendelea kuishikilia tasnifu yangu ili ripoti ibadilike, nitaipeleka kwa mkuu wa kitivo, na hapo tutaona baraza linampenda nani, profesa asiyefungua barua pepe au mtu anayewapunguzia kazi.

Unasema niwe mtu anayependa kukaa na wagonjwa. Wewe huketi? Nimesimama nyuma yako mitihani mitatu nikiwa mwandishi wako wa alama. Unafika kitanda cha kumi na moja, unasema "Habari za bata, Mama Saad?", anacheka, unamuuliza mwanafunzi maswali mawili, unaangalia kadi ya majibu iliyobandikwa nyuma ya faili, unaniambia namba, unasogea kitanda cha kumi na mbili. Katika miaka mitatu sijakuona ukivua saa yako.

Wewe ndiye uliyetufundisha: daktari anayetaka kupapasa tumbo huvua saa kwanza.

Yumna

*

Jumamosi, 14 Machi, saa nne asubuhi

Yumna,

Leo nilimwita Mama Saad wodini niwaonyeshe wanafunzi tofauti ya mtu na mashine yako. Nilitaka kuwaonyesha, na nilitaka usikie kwamba nimewaonyesha. Nilivua saa.

Nataka karatasi ulizoziacha. Zote, hata zilizoraruka. Mpe Sista Afaf leo hii. Usiniandikie chochote cha busara.

R.S.

*

Jumapili, 15 Machi

Dokta Rifaat,

Jana nilikuwa nje ya mji, kwa hiyo Sista anakuletea leo. Ni karatasi tisa.

Nane ni takataka kweli. Mmoja kaandika kwamba Mama Saad ni mwanamume. Mmoja kachora bata.

Ya tisa ni ya mwaka jana. Hadil Abu Zahw, aliyekuwa wa nne darasani. Nimeikalia tangu Sista aliponipa ujumbe wako, kwa sababu nilijua kabla ya kuifungua kwamba ni hiyo unayoitafuta. Sijui nilijuaje. Labda mtu hujua daima ni karatasi gani aliyoiweka chini kabisa.

Ameandika hivi: "Nilianza upande wa kulia chini, kama tulivyofundishwa, nikapanda taratibu. Bandama liko kushoto, vidole vinne. Lakini kulia, chini ya mbavu, kuna uvimbe mgumu, ukubwa wa limau dogo, usio laini pembeni, na mgonjwa akivuta pumzi unashuka pamoja na ini. Kwenye historia yake haumo. Naomba mgonjwa afanyiwe altrasaundi."

Kwenye kadi ya majibu ini lilikuwa limesinyaa na halishikiki. Kadi ile iliandikwa na mtu aliyenitangulia, na aliyeiandika ameshahamia Ghuba. Mimi nilikuwa mwandishi wako. Nilikuambia, "Huyu kaongeza uvimbe." Ukauliza, "Kwenye kadi upo?" Nikasema haupo. Ukasema, "Basi kata." Nikampa kumi na moja kwa thelathini. Na pembeni ya neno uvimbe nikaandika kwa wino mwekundu neno moja: Umebuni.

Sahihi ni yako. Mwandiko ni wangu.

Nilipokuwa nasafisha karatasi za mashine niliweka sharti: kila iliyopata chini ya kumi na tano itoke. Ilitoka kwa sharti. Ningeweza kusema sikuiona, na ingekuwa nusu kweli. Niliiona, nikautambua wino wangu, nikaisogeza.

Niambie mkono wako umekuta nini.

Yumna

*

Hospitali ya Saratani, wodi ya pili
Alhamisi, 2 Aprili

Kwa Dokta Rifaat na kwa Dokta Yumna, someni pamoja, sina nguvu ya kusema mara mbili. Anayeandika ni Sista Afaf, aliyekuja kuniona na machungwa. Amesema ataandika kama nisemavyo na hataongeza Kiingereza.

Tangu uliponishika, Dokta Rifaat, ukanileta huku, wamenipiga ile picha ya mafuta ya baridi tumboni, kisha nyingine ya kuingia kwenye pipa. Hapa madaktari ni watoto tu. Mmoja kaniuliza, "Mama, uvimbe huu hukuusikia?" Nikamwambia mwanangu, tumbo ni langu, utausikia wewe?

Niliusikia. Mwaka juzi, wakati wa kuvuna mahindi. Nikikoga mkono unapita, unakuta jiwe. Nikajiambia, Inshirah, Juni inakuja, utalala pale, watakushika vijana arobaini, na maprofesa juu yao, kama ni kitu watasema. Juni ikaja. Wakanishika. Yule wa kwanza mkono wake ukasimama pale pale kwenye jiwe, akaniangalia, akaangalia karatasi yake ya dukani kwa Hamdi, akaendelea kushoto. Wa pili hivyo hivyo. Nikasema basi si kitu, kingekuwa kitu wangesema, hawa wamesoma.

Akaja yule msichana, Hadil. Mikono kaipasha moto kwapani kwanza. Alipofika kwenye jiwe akasimama, akaniuliza, "Hili lina muda gani, mama?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia. Akasema, "Nitaandika." Kisha mkapita nyinyi wawili. Nilikuwa nimelala pale, Dokta Rifaat, nilikusikia ukisema kata. Nikamwona msichana anauma mdomo.

Ungeniuliza, ningesema? Ningesema. Lakini uliniuliza habari za bata.

Mimi nami nina langu, nitalisema. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nikisema nina ugonjwa mwingine mtaniambia hufai tena kwa mtihani, kadi yako imeharibika. Mtaleta bandama jingine. Kijijini mimi ni mjane mwenye bata. Pale Juni mimi ndiye mwalimu wa madaktari. Kuna mkurugenzi mmoja wa hospitali nilimfundisha mimi kuuliza juu ya kutapika damu.

Wanasema ingekuwa Juni ile wangekata kipande na kushona. Sasa watajaribu kuuchoma kwa waya, halafu wataona. Sikulaumuni sana. Nakulaumuni kiasi.

Sista kasema mmenitengeneza kwenye kompyuta. Muulizeni huyo kama ana jiwe.

Inshirah, mama yake Saad

*

Alhamisi, 16 Aprili

Dokta Rifaat,

Sikukuu yako ya Pasaka imepita nami sikukupongeza, na Jumatatu ya Sham el-Nessim, sikukuu ya machipuko, mji mzima ulikula samaki wa chumvi nami nikakaa chumba cha kompyuta. Nilifanya alivyosema. Nilimuuliza.

Kwanza kama ilivyo. Nikamwambia, "Mama Saad, una uvimbe upande wa kulia?" Akajibu kwa sauti ile ya mkwaruzo, "Hapana dokta, alhamdulillahi, maumivu yangu yote yako kushoto." Kisha nikaingiza karatasi ya Hadil pamoja na nyingine mia mbili na kumi na mbili, nikaifunza upya. Nikauliza tena. Akajibu, "Hapana dokta, alhamdulillahi." Nikauliza mara ishirini kwa maneno tofauti. Mara kumi na tisa alikana. Mara moja alisema ndiyo, nilipombana akaomba radhi na kusema alikosea.

Ni sisi hasa. Imejifunza kutoka kwetu kila kitu, hata namna ya kumtoa mtu mmoja kwenye hesabu.

Ripoti yangu nimeiondolea pendekezo. Nimeandika yaliyotokea, kwa majina, nikaanza na langu. Mkuu wa kitivo kaisoma na kusema jambo la mgonjwa mmoja si data, na kwamba pendekezo litapelekwa na mtu mwingine. Kwa hiyo siku ya 26 nitakuwepo ukumbini bila karatasi mkononi.

Wewe una kiti barazani. Ukisimama na kusema mashine ilikana uvimbe wa mgonjwa aliye hai, utashinda, na mtihani utabaki wodini. Lakini watauliza ulijulikanaje, na kwa nini haukujulikana Juni. Unaweza kusema ni mwandishi wako wa alama aliyekosea. Mwandiko ni wangu, nimeshakuambia. Sitakupinga.

Yumna

*

Jumamosi, 25 Aprili

Yumna,

Umejipa cheo kikubwa kuliko ulichonacho. Mwandishi wa alama huandika alama. Usininyang'anye kosa langu ili ulale vizuri.

Miaka mingi niliwafundisha kuanza mbali na penye ugonjwa, kulia chini, polepole, kwa kuwa anayekwenda moja kwa moja anapopajua hatakuta asichokijua. Katika darasa zima mmoja tu alinisikiliza, na mimi nikamkata. Nilimjua Mama Saad mno. Nilijua bata wake kwa hesabu. Nilikuwa na jibu kabla ya kufika kitandani, na nililitoa kwa sauti nzuri. Ukinitafutia tofauti yangu na chombo chako, nitakushukuru. Mimi nimeitafuta wiki sita.

Usidhani kwa sababu hii nimekuja upande wenu. Naichukia zaidi. Zamani niliichukia kama mgeni.

Sura ya tatu imo humu, nimetia sahihi. Ukurasa wa 88 una upuuzi, uufute. Kitisho kilikuwa kitisho, ulisoma sawa.

Kesho nitasema.

Rifaat Sidhom

*

Jumatatu, 27 Aprili

Ustadhi,

Uliondoka kabla ya kura, na simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Ulisema yote, kosa ukalitaja kwa jina lako, ukatoka. Ulipofunga mlango, mkuu wa kitivo alikushukuru kwa ujasiri wako. Kisha akasema, nayanakili kama yalivyo: "Waheshimiwa, Profesa Rifaat mwenyewe ametuthibitishia kwamba mtihani wa wodini umeoza. Mtahini hamgusi mgonjwa, mwanafunzi ananunua majibu dukani. Kama mgonjwa haguswi, yanini alale pale?" Yule wa maabara akacheka. Wakapiga kura. Kumi na saba kwa sita. Juni hii ni skrini.

Nilisimama niseme, nikaambiwa walimu wasaidizi hawana sauti barazani. Nikasema nilichotaka kusema hata hivyo, mpaka walipozima kipaza sauti, na baada ya hapo pia.

Umepoteza mtihani wako kwa kusema kweli. Ungenitupia mimi ungeubakisha. Nimelala na jambo hili na sijui niliweke wapi.

Nimempata Hadil. Yuko hospitali ndogo ya jangwani, mwendo wa saa kumi kwa basi. Alama ile ilimtoa kwenye orodha ya waliobakizwa kufundisha. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima ya kumsomea kwenye simu. Nilianza, "Mimi ndiye niliyeandika neno lile jekundu." Akanikata. Akauliza, "Mgonjwa yu hai?" Nikasema yu hai, wameuchoma mara moja, watarudia. Akauliza uvimbe una ukubwa gani sasa. Nikamwambia. Nikamsikia anahesabu miezi. Kisha akasema ana wagonjwa, akakata.

Hakuniuliza alama yake.

Yumna

*

Jumamosi, 2 Mei

Daktari Yumna,

Narudisha dodoso lako. Nilikuwa na nakala moja ambayo sikuichana. Najua halina kazi tena. Visanduku sikuvijaza. Nimejibu swali la ishirini tu, lililoachiwa mstari mmoja.

Jumamosi nitaendelea kuwepo kitanda cha kumi na moja kuanzia saa mbili. Hakuna alama, hakuna cheti. Mama Saad anatoka wiki ijayo, na kasema akipata nguvu atakuja kukaa kwenye kiti, halali tena. Wakija wanafunzi wawili inatosha. Wewe ukija, uje kama wao, saa uiache nyumbani. Bado sijakusamehe kwa "Mdau".

Rifaat Sidhom

*Dodoso, swali la 20: Kwa maoni yako kama mwalimu wa tiba, ni kitu gani ambacho akili mnemba haitaweza kukitoa?*

Mtu wa kulaumiwa. Juni iliyopita mwanafunzi Hadil Abu Zahw alikuta uvimbe, na aliyesema akatwe alama alikuwa na jina. Rifaat Sidhom. Liandikwe ndani ya faili la mwanafunzi huyo, kwa wino mwekundu.